Oksijeni Kiasi Gani, kwa Mgonjwa Yupi?



Kati ya Julai 2018 na Agosti 2021, hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, Marekani, iliendesha utafiti ambao mtu akiusikia mara ya kwanza anaweza kudhani ni mzaha. Kila baada ya miezi miwili chumba chote cha wagonjwa mahututi (ICU) kilibadilishiwa lengo la oksijeni. Miezi miwili hii, kila mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia analengwa abaki kwenye asilimia 90 ya oksijeni katika damu. Miwili inayofuata, 94. Kisha 98. Mpangilio wa zamu uliamuliwa kwa kura. Wagonjwa 2,541 walipita humo, na mwishoni watafiti wakahesabu siku ambazo mgonjwa alikuwa hai na bila mashine katika siku 28 za mwanzo. Kipimo cha katikati kilikuwa siku 20 kwa kundi la 90, siku 21 kwa kundi la 94, siku 21 kwa kundi la 98. Kitakwimu, hakuna tofauti.

Wengi walioisoma ripoti hiyo ilipotoka mwaka 2022 walihitimisha kwamba basi, chagua namba yoyote kati ya 90 na 98, matokeo ni yaleyale. Nimekuja kubishana na hitimisho hilo. Nitadai kwamba kauli ya "hakuna tofauti" inaweza kuficha watu waliookolewa na watu waliodhurika ndani ya kundi moja, na kwamba kuwatenganisha watu hao ni kazi inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo namba yenyewe. Hewa tunayovuta humu ukumbini ina oksijeni asilimia 21. Mashine ya kupumulia inaweza kumpa mgonjwa kiasi chochote kuanzia hiyo 21 mpaka 100, kwa kugeuza kitufe tu. Oksijeni ikishavuka mapafu inabebwa na himoglobini, iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Himoglobini ni daladala lenye viti vinne, na tofauti na daladala za Mbagala, halichukui abiria wa kusimama. Ile namba ambayo manesi wetu huiita saturesheni ni asilimia ya viti vilivyokaliwa. Kwa mtu mzima mwenye afya anayeishi huku pwani, viti 97 au 98 kati ya kila 100 vina abiria, na shinikizo la oksijeni katika damu ya ateri linakaribia milimita 100 za zebaki. Saturesheni ikiwa 90, shinikizo hilo huwa kama 60. Chini ya hapo mteremko ni mkali: shinikizo likipungua kidogo tu, abiria wanashuka kwa makundi. Juu ya hapo ni tambarare. Mgonjwa mwenye mapafu mazuri ukimpa oksijeni asilimia 100, shinikizo linaweza kupanda mpaka 400 na zaidi, lakini kioo cha kipimo kitaendelea kukuonyesha 100 ileile. Kwa hiyo kioo kinapiga kelele mgonjwa anapokosa oksijeni, na kinanyamaza anapozidishiwa. Sisi binadamu tunakimbilia kelele. Ndiyo maana, popote duniani ambako oksijeni ipo ya kutosha, wagonjwa wa ICU hupewa zaidi ya wanachohitaji.

Je, kuzidisha kuna ubaya gani? Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza jinsi wanyama waliowekwa kwenye oksijeni yenye shinikizo kubwa walivyopatwa na degedege. Mwaka 1899 James Lorrain Smith alionyesha mapafu ya wanyama yakiharibika kwa kuvuta oksijeni nyingi kwa muda mrefu. Lakini funzo lililogharimu zaidi lilitoka kwa watoto njiti, na naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu mambo yote ya leo yamo ndani ya kisa hicho.

Katika miaka ya 1940, hospitali za nchi tajiri zilianza kuwaweka njiti kwenye vitanda vya joto vilivyojazwa oksijeni. Watoto waliokuwa wakifa wakaanza kupona. Wakati huohuo ukazuka ugonjwa wa macho ambao haukuwa ukijulikana: mishipa ya damu nyuma ya jicho inakua ovyo, inavuta retina, mtoto anabaki kipofu. Ajabu ni kwamba ulikuwa mwingi zaidi kwenye hospitali zenye vifaa bora. Mwaka 1951, Kate Campbell, daktari wa watoto huko Melbourne, Australia, aliona kwamba waliopofuka zaidi ni wale waliopewa oksijeni kwa wingi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1953 na 1954 ukathibitisha. Kufikia hapo watoto wanaokadiriwa kuwa 10,000 duniani walikuwa wamepofuka, tena kwa mikono ya watu waliokuwa wakiwahudumia kwa mapenzi yote.

Madaktari wakageuka. Oksijeni ikabanwa. Upofu ukapungua sana, na kwa miaka mingi jambo hilo likahesabiwa ushindi. Baadaye walioketi kuhesabu vizuri waligundua kwamba, kwa kila jicho lililookolewa, kulikuwa na watoto waliokufa kwa kukosa pumzi. Mvutano huo haujaisha. Mwaka 2010 utafiti wa Marekani ulioitwa SUPPORT, wenye njiti 1,316, ulilinganisha lengo la saturesheni 85 hadi 89 na lengo la 91 hadi 95. Kwenye kundi la chini, ugonjwa mkali wa macho uliwapata asilimia 8.6 ya waliopona, dhidi ya 17.9 kwenye kundi la juu. Lakini waliokufa walikuwa asilimia 19.9 dhidi ya 16.2. Jicho la mtoto lilitaka kidogo, uhai wake ulitaka zaidi, na mtoto ni huyo mmoja.

Sasa tuwarudie watu wazima. Mwaka 2016 madaktari wa Modena, Italia, walichapisha utafiti wa wagonjwa 480. Waliobaniwa oksijeni walikufa ICU kwa asilimia 11.6, na waliopewa kwa mazoea ya zamani kwa asilimia 20.2. Ulimwengu wa ICU ulishtuka. Utafiti ule ulikuwa umesimama kabla ya kutimiza idadi iliyopangwa, na tafiti zinazokatishwa njiani zina tabia ya kuonyesha tofauti kubwa kuliko ilivyo. Miaka minne baadaye Wafaransa wakaja na picha ya kinyume. Kati ya wagonjwa 205 wenye mapafu yaliyoharibika vibaya, waliobaniwa walikufa kwa asilimia 44.4 kufikia siku ya 90, na wenzao kwa 30.4. Wagonjwa watano wa kundi la chini walikatikiwa damu kwenye utumbo. Utafiti huo nao ulisitishwa. Kisha zikafuata tafiti kubwakubwa: wa Ulaya Kaskazini wa mwaka 2021, wagonjwa 2,928, vifo asilimia 42.9 kwa waliobaniwa na 42.4 kwa wenzao; wa Uingereza wa mwaka 2025, wagonjwa 16,500 katika ICU 97, vifo asilimia 35.4 kwa waliobaniwa na 34.9 kwa wenzao. Sare, na sare tena.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ataniuliza, na ana haki: Profesa, Wafaransa walikosea, au Wataliano? Mimi nadhani huenda wote walikuwa sahihi kwa wagonjwa waliokuwa mbele yao.

Chukueni wagonjwa 100. Tuseme kumi kati yao watapona kwa sababu umewabana oksijeni, kumi watakufa kwa sababu hiyohiyo, na themanini waliobaki hawatahisi lolote. Jumlisha: sifuri. Ripoti itasema hakuna tofauti, mhariri ataichapisha, nasi tutaendelea kuweka namba moja kwa wote. Watu ishirini wameamuliwa maisha yao na namba hiyo, wala hawaonekani popote kwenye jedwali. Wastani ni jibu zuri kwa waziri anayepanga bajeti ya nchi. Kwa daktari aliyesimama kando ya kitanda namba 4 ni jibu la swali ambalo hakuuliza.

Ndipo mwaka 2024 Kevin Buell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake walipofanya jambo la kijanja. Hawakutafuta wagonjwa wapya. Walichukua taarifa za Nashville, wakaifunza programu ya kompyuta ikadirie, kwa kila mgonjwa peke yake, nafasi yake ya kufa akiwekwa kwenye lengo la chini na akiwekwa la juu. Umri, mapigo ya moyo, joto, shinikizo la damu, sababu ya kulazwa, vyote vilivyojulikana kabla ya kura kupigwa. Baada ya hapo wakaipeleka programu kwa wagonjwa ambao haijawahi kuwaona: wa utafiti mwingine kabisa, wa Australia na New Zealand, uliokuwa na watu 1,000 na ambao nao ulikuwa umetoa sare. Kama programu ilikuwa inabahatisha, huko ingeumbuka.

Haikuumbuka. Kwa upande mmoja walikuwepo wagonjwa ambao lengo la chini lilikadiriwa kuwapunguzia hatari ya kufa kwa pointi 27.2 za asilimia. Kwa upande mwingine, wapo ambao lengo hilohilo lilikadiriwa kuwaongezea hatari kwa pointi 34.4. Na watu wa Australia na New Zealand waliopata, kwa bahati ya kura tu, lile lengo ambalo programu ingewachagulia, walipona zaidi. Watafiti walikadiria kwamba kama kila mmoja angepewa la kwake, vifo vya siku 28 vingepungua kwa pointi 6.4. Kwenye fani yetu, dawa inayopunguza vifo kwa kiasi hicho inatangazwa redioni. Na hapa hakuna dawa mpya. Ni kitufe kilekile.

Ni nani hao? Waliotabiriwa kufaidika na lengo la chini walikuwa zaidi wale wenye jeraha la ubongo. Waliotabiriwa kufaidika na la juu walikuwa zaidi wenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyouteka mwili mzima, na wale ambao mapigo, pumzi na joto lao vilikuwa juu kupita kawaida. Tunaweza kubuni maelezo: mwili wenye homa unachoma oksijeni nyingi, na ubongo uliojeruhiwa huumizwa na chembe kali zinazozaliwa oksijeni ikizidi. Ni dhana tu, msiziandike kwenye mtihani kama ukweli. Tena mjihadhari: "lengo la juu" hapa ni saturesheni inayokaribia 98, wala si kumfungulia mgonjwa oksijeni yote. Wafaransa waliwahi kuwapa wagonjwa wa sepsisi iliyoshusha shinikizo la damu oksijeni asilimia 100 kwa saa 24, na utafiti ule, uliochapishwa mwaka 2017, ulisitishwa kabla ya wakati kwa ajili ya usalama wa wagonjwa.

Basi tuinunue programu hiyo tuipeleke hospitali ya Mwananyamala kesho asubuhi? Hapana. Haijawahi kujaribiwa kwa wagonjwa wapya kwa kura, programu upande mmoja na daktari upande wa pili. Na kuna kasoro nyingine inayotugusa sisi moja kwa moja, nayo ipo kwenye kidole.

Kipimo cha kidoleni, oksimita, kilitokana na wazo la mhandisi wa Kijapani Takuo Aoyagi, aliyelitangaza mwaka 1974. Kinapitisha mianga miwili kwenye kidole, mwekundu na usioonekana kwa macho, na kukisia rangi ya damu. Ni kifaa kilichookoa watu wasiohesabika, na mimi sitafanya kazi kwenye chumba kisicho nacho. Lakini mwanga hupita kwenye ngozi kwanza. Mwaka 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha oksimita na damu ya ateri kwa maelfu ya vipimo. Kati ya vipimo vya wagonjwa weupe ambavyo oksimita ilionyesha 92 hadi 96, asilimia 3.6 kwa kweli vilikuwa chini ya 88. Kati ya vya weusi, asilimia 11.7.

Yapimeni maneno hayo. Ukimwambia muuguzi wa Nashville "lenga 90", na ukimwambia muuguzi wa Dar es Salaam "lenga 90", hujawaagiza kitu kimoja. Wodi zetu karibu zote ni za watu weusi. Lengo la chini lililo salama kwa mgonjwa mweupe linaweza kumshusha wa kwetu kwenye ule mteremko mkali bila kengele kulia. Na programu iliyofunzwa kwa namba za oksimita imeyarithi makosa ya oksimita.

Ngozi ni mwanzo tu. Piko jeusi kwenye vidole vya bibi harusi linaweza kuvuruga usomaji, ndiyo maana nesi mzoefu wa Zanzibar au Mombasa huhamishia kipimo kwenye sikio bila kuambiwa. Mgonjwa wa selimundu naye huweza kupewa namba isiyo yake. Yupo pia mtu aliyelala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa. Moshi wa mkaa una monoksidi ya kaboni, inayokalia viti vya himoglobini badala ya oksijeni, na oksimita ya kawaida haitofautishi abiria hao wawili. Itakuandikia 99 huku mtu anakufa. Huyo mpe oksijeni yote uliyo nayo, na usitazame kioo. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mwenye mapafu yaliyochakaa kwa sigara au moshi wa kuni, anataka 88 hadi 92: utafiti wa Tasmania wa mwaka 2010, wa wagonjwa 405 waliochukuliwa na gari la wagonjwa, ulionyesha kuwa kumpimia hivyo badala ya kumfungulia nyingi kunapunguza vifo kwa zaidi ya nusu. Hapo hatukuhitaji kompyuta yoyote. Tulihitaji mtu wa kuuliza: huyu ametoka wapi, anaugua nini, alikuwaje jana?

Najua lililo mioyoni mwa baadhi yenu. Profesa anazungumzia oksijeni ya kupima kwa kila mtu, wakati kuna hospitali za wilaya ambazo mtungi ukiisha usiku ndiyo imetoka. Pingamizi hilo ni la haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliowaangalia wagonjwa wapatao 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ulikuta mmoja kati ya kila wanane yuko mahututi, na walio wengi kati ya hao wako wodi za kawaida, hawako ICU. Kati ya waliokuwa wameshindwa kupumua, chini ya nusu ndio waliokuwa wakipewa oksijeni siku hiyo.

Lakini uhaba ndio unaoifanya hoja yangu iwe na nguvu zaidi. Mtungi mkubwa una lita 6,800. Kwa lita 10 kwa dakika unakwisha baada ya saa 11 na dakika 20. Kwa lita 5, unafika saa 22 na dakika 40. Mgonjwa anayeshikiliwa kwenye 100 ilhali angekaa vizuri kwenye 94 anatumia mtungi wa mtu mwingine, na mtu huyo yuko korido ya pili, ana 82, hajaandikiwa kitu. Sikatai kwamba wapo wanaohitaji 98. Nimewataja hivi punde. Hao wapewe bila ubahili. Ila tuwajue.

Tuanze na lililo rahisi kuliko yote, na ambalo linanikera kwa sababu halihitaji mfadhili. Shirika la Afya Duniani linaihesabu oksijeni kuwa dawa muhimu. Antibiotiki ya shilingi mia chache tunaiandikia jina, dozi, saa na sahihi. Oksijeni, katika wodi nyingi nilizopita, haimo kwenye chati ya dawa kabisa. Daktari anasema kwa mdomo "mwekee oksijeni", na mgonjwa anabaki nayo mpaka aruhusiwe au afe. Naomba iandikwe: kikomo cha chini na kikomo cha juu, vyote viwili, pamoja na sababu. Mashine za kupumulia na vioo vingi tulivyo navyo vina kengele ya juu, imezimwa tu. Iwashwe. Mwenye zamu, saa moja baada ya kumwekea mgonjwa mirija, arudi apunguze, asiache asilimia 100 ya dharura igeuke kuwa ya kudumu. Na mgonjwa mahututi apimwe damu ya ateri angalau mara moja mapema, ili tujue oksimita yake inadanganya kwa pointi ngapi. Mashine za kipimo hicho zipo hospitali zetu kubwa. Kinachokosekana mara kwa mara ni vitendanishi, na hilo ni suala la manunuzi, si la sayansi.

Namba hizo zikiandikwa kwa miaka miwili tu, tutakuwa na kitu ambacho Nashville hawana: taarifa za wagonjwa wetu, wenye malaria kali, pepopunda, kifafa cha mimba, selimundu, na vijana wa bodaboda waliopasuka vichwa. Hao wa mwisho ndio wananinyima usingizi. Programu ya Chicago inaelekea kusema wenye jeraha la ubongo wabaniwe. Ila wagonjwa wake hawakukaa saa sita barabarani bila oksijeni kabla ya kufika ICU. Inawezekana ushauri uleule unawafaa. Inawezekana unawaua. Nisingependa tulijue hilo kwa kukisia.

Kwa hiyo idara yetu inaandika pendekezo la utafiti, na baadhi ya mliomo humu mtalipokea kwenye kamati ya maadili. Linagawa wagonjwa wa mashine kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza litatunzwa kwa lengo moja la wote, saturesheni 92 hadi 96, iliyorekebishwa kwa damu ya ateri. Kundi la pili litawekewa lengo ambalo daktari ameliandika kwa jina la mgonjwa, akisaidiwa na fomu ya ukurasa mmoja inayouliza habari za ubongo, maambukizi, mapafu ya zamani na himoglobini. Kompyuta itakaa pembeni ikiandika utabiri wake bila kuuonyesha kwa yeyote, tuje tuulinganishe mwishoni. Tutahesabu vifo vya siku 28, na tutahesabu pia mitungi. Kamati itauliza ridhaa itatolewa na nani ikiwa mgonjwa hana fahamu na ndugu zake bado wako njiani kutoka Singida. Hilo hatujalimaliza, na wanasheria walioko safu ya tatu nawaomba tuonane baada ya chai.